Jezi Iliyokatazwa Maji

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Povu alifua mashuka ya watu asiowajua, na kwa miaka hiyo akawajua kuliko walivyodhani. Aliyekula kitandani alimjua kwa mafuta. Aliyelia alimjua kwa foronya. Bwana aliyeaga nyumbani kwamba anakwenda kwenye semina alijulikana kwa wanja uliobaki kwenye taulo. Bi Povu hakumwambia mtu. Aliiona kazi yake kama ya daktari: unaona, unatibu, unafunga mdomo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limepumzika kwenye faili ofisini. Nyumba nzima ya wageni ilimwita Bi Povu, kwa sababu ukimkuta kazini mikono yake ilikuwa imevaa povu hadi kwenye viwiko, kama glovu za bibi harusi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo, ukutani mwa jiko: makaro mawili ya saruji, beseni saba, mashine moja iliyotetemeka hadi ikahama mahali pake, dirisha lenye nondo, na nje kiwanja kidogo chenye kamba sita. Alikuwa na mwenzake mmoja tu, mpiga pasi, ambaye alikuwa dada wa mumewe. Yaani kazini alikuwa na wifi, nyumbani alikuwa na kaka wa wifi, na hapakuwa na mahali duniani ambapo angeweza kuisema familia ile bila mmoja wao kusikia.

Mashindano ya mataifa yalipofika, timu kubwa zilipelekwa kwenye hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Nyumba yao ya wageni ikapewa timu ya nchi ndogo, ndogo kiasi kwamba meneja alipoitafuta kwenye ramani ya ofisini aliikuta imefunikwa na pini iliyoshikilia ramani ukutani. Wachezaji walikuwa wapole, wakisalimia mpaka mfagizi. Walipangwa kwenye kundi la timu nne, mbili za juu ziendelee na mbili zirudi kwao, na magazeti yote yalikuwa yameshawakatia tiketi ya kurudi.

Mechi ya kwanza ilichezwa mvua ikinyesha. Ikaisha bila bila. Kipa wao alizuia penalti kwa kifua, mpira ukamgonga kama mlango uliofungwa na upepo, na mji mzima ukalijua jina lake kabla ya chakula cha jioni.

Kesho yake asubuhi gunia la jezi lilishushwa kwenye chumba cha kufulia. Bi Povu alihesabu, akakuta moja imepungua. Kabla hajauliza, mlango ukajaa mtu. Kipa aliinama ili kichwa kipite, akaingia amebeba jezi ya njano mikononi, taratibu, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Itupe hapo kwenye beseni."

"Hapana, mama. Hii haifuliwi."

Bi Povu alidhani anadharauliwa. "Inafulika. Mimi nimefua koti la mtu aliyeangukia kwenye lami ya moto."

"Najua inafulika, mama. Nasema isifuliwe. Sijafungwa nikiwa nayo. Ukiifua, utaifua pamoja na bahati."

"Sasa umeileta kwa dobi ya nini?"

Kipa alitazama chini kwa haya. "Mwenzangu wa chumbani amesema nichague, yeye au jezi. Na yeye ndiye beki wangu wa kushoto, namhitaji."

Mpiga pasi aliyekuwa kwenye meza yake alivuta hewa, akaelewa msimamo wa beki, akasogea dirishani.

Jezi ikatundikwa kwenye msumari juu ya karo. Haukupita muda meneja akafika, kitita cha funguo kikilia kiunoni. Alikuwa mtu aliyeogopa vitu vitatu: moto, wakaguzi na kulaumiwa. Alibandika karatasi chini ya msumari, imeandikwa kwa herufi kubwa: MAJI MARUFUKU.

"Bi Povu, nakuheshimu," alisema. "Lakini jezi hii ikiguswa na tone, tone moja tu, mimi na wewe hatujuani. Utakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, bosi."

"Miaka ishirini na miwili haitakuokoa."

"Nimesikia."

Mechi ya pili wakashinda. Moja kwa bila, na goli lenyewe walifungiwa na beki wa wapinzani aliyejifunga kwa kichwa kizuri ambacho hata wao wasingeweza kukipiga. Sasa walikuwa na pointi nne. Imebaki mechi moja, dhidi ya jitu la kundi, timu iliyoshinda zote mbili. Sare tu ingewatosha. Wakifungwa, wangebaki kuomba dua juu ya matokeo ya watu wengine.

Jezi ikarudi msumarini, mbaya zaidi.

Kuna wanaoweza kukaa chumba kimoja na kitu kilichoharibika na wakala na kucheka. Bi Povu hakuumbwa hivyo. Kwake doa lilikuwa sauti, na jezi ile ilikuwa inapiga kelele mchana kutwa. Akisuuza shuka, inamtazama. Akigeuka kukamua, inamtazama mgongoni. Siku tatu alikaa nayo, na kwa siku tatu aliisoma bila kutaka, kama mtu aliyekaa kituoni mbele ya tangazo moja. Kijani cha nyasi kwenye kiwiko cha kushoto. Tope lililokauka kwenye mbavu. Kifuani, chini kidogo ya moyo, duara la mpira wa ile penalti, wazi kiasi kwamba ungeweza kuona mishono yake. Tone la damu karibu na pindo, la pua ya mtu mwingine. Na kola. Mungu wangu, kola.

"Wifi, utaitoboa kwa macho," alisema mpiga pasi.

"Kola ile si ya mechi. Kola ile ni ya shingo chafu. Bahati haikai shingoni."

"Inakaa wapi?"

"Kifuani. Mikononi. Sijui. Lakini shingoni haikai."

"Haya, mwanasheria wa shingo. Kunja shuka."

Kuanguka kwa mtu mwadilifu huanza na jambo dogo analoweza kulitetea. Siku moja kabla ya mechi ya tatu, asubuhi, mpiga pasi alipanda ghorofani na mapazia. Bi Povu akabaki na jezi, wawili tu. Aliteremsha macho. Akayapandisha. Akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu, "Kola peke yake."

Aliifua kola juu ya kidole, kwa sabuni ya kipande na mswaki mkuukuu, bila kulowesha kwingine. Kazi safi. Ilikuwa kama kumtoa mtu kibanzi jichoni. Akairudisha msumarini, akasimama mbali, na moyo ukamlipuka: kola iling'aa juu ya ule uchafu kama jino la dhahabu kinywani mwa mlevi. Hata mtoto angeiona. Ikabidi asuuze mabega kidogo ili yalingane na kola. Mabega yakaiumbua mikono. Mikono ikakisuta kifua. Baada ya hapo hakumbuki vizuri. Anakumbuka maji yakigeuka rangi ya chai, halafu rangi ya uji, halafu maji. Anakumbuka alikuwa akiimba.

Mpiga pasi aliporudi, wifi yake alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, mikono mapajani, akitazama nje kupitia dirisha.

"Wifi."

"Abee."

"Ile kwenye kamba ni nini?"

"Nguo."

"Ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mrefu."

Mpiga pasi aliitazama jezi iliyokuwa ikipepea juani, njano kama kiini cha yai. Akafunga mlango kwa komeo. Akafunga na dirisha, kana kwamba harufu ya usafi ingefika ofisini.

"Umetuua," alisema.

"Nimejiua mimi. Wewe una pasi yako tu."

"Ukifukuzwa wewe, nitaletewa mtu mgeni humu nianze kumzoea? Nani atanivumilia?" Mpiga pasi alizunguka chumba mara mbili, kisha akasimama. "Sikiliza. Uchafu haujawahi kukataa mwaliko. Uliotoka unaweza kurudi. Nani anayakumbuka yale madoa?"

Bi Povu alifumba macho. Akayaona yote, moja moja, kila moja mahali pake.

Ng'ambo ya ukuta wa nyuma, kwenye uchochoro, ndipo mumewe alipofanyia kazi ya baiskeli. Aliitwa kupitia tundu la ukuta. Alipofika na kuelezwa, hakuuliza maswali. Alivua shati palepale. Mtu wa miaka hamsini na nne, mpenzi wa mpira tangu utotoni, ambaye hakuwahi kuchaguliwa hata timu ya mtaa, alikuwa anaombwa avae jezi ya taifa. Si taifa lake, lakini taifa. Ilimfika magotini.

"Nimependeza?"

"Umefanana na foronya," alisema dada yake. "Kimbia."

Jasho ndilo lilikuwa gumu. Madoa unaweza kuyachora, jasho halichorwi. Akapanda baiskeli ya mteja, akazunguka nyuma ya majengo mara kumi na mbili jua la saa saba likimchoma, koti la mvua juu ya jezi ili lisitoroke hata tone. Aliporudi alikuwa akihema kama mvukuto, na alipovua koti mpiga pasi alirudi nyuma hatua tatu, akakubali kwa kichwa.

"Hapo sawa. Hata beki wa kushoto angelia."

Kisha Bi Povu akaanza kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Aling'oa nyasi kando ya uzio, akazisugua kwenye kiwiko, akasogea nyuma, akarudi, akaongeza. Alikoroga udongo kwa kikombe, mzito kwa mbavu, mwepesi kwa pindo. Damu aliipata kwenye mnyororo wa baiskeli: kutu na grisi kidogo, kwa ncha ya njiti. Mikono iliyoondoa madoa ya watu kwa miaka ishirini na miwili iligundua kuwa wakati wote huo ilikuwa ikijifunza kuyatengeneza. Ilimtisha. Ilimfurahisha pia, na hilo lilimtisha zaidi.

Likabaki duara la penalti. Wakauchovya mpira mzee kwenye tope, mume akasimamishwa ukutani.

"Chini kidogo ya moyo," Bi Povu aliagiza. "Si kwa nguvu sana. Alama iwe ya kuzuia, isiwe ya kupigwa."

"Nilenge wapi?" dada mtu aliuliza.

"Kifuani!" kaka alidakia. "Kifuani, dada, nakuomba, mimi ni baba wa…"

Mpira ukamkuta tumboni. Akainama. Wakafuta. Mara ya pili ukampata begani, mara ya tatu ukapita dirishani mwa jiko na mpishi akaurudisha pamoja na matusi. Mara ya nne ukatua. Bi Povu aliiangalia alama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Ni yenyewe," alisema.

Mumewe alijitazama alivyochafuka. "Mke wangu, miaka yote unanifokea nikipaka shati grisi. Leo unanisifu?"

"Leo tu, baba watoto. Kesho nitakufokea. Na hili likitoka nje ya ukuta huu nitakufokea mpaka kaburini."

"Mimi? Mimi mwenyewe ni kaburi."

"Kaka," alisema mpiga pasi, "wewe ni kaburi lenye redio."

Wakampaka na dawa ya kuchua mgongo, ya aina ileile aliyojipaka kipa, wakaivua jezi, wakaitundika. Juu ya karatasi ya meneja ilionekana kama haijawahi kushuka.

Siku ya mechi, saa nne asubuhi, kipa alikuja kuichukua. Bi Povu alikuwa ameamka na sentensi mdomoni. Alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima: *Mwanangu, nimekukosea.* Maneno mawili hayawezi kumshinda mtu. Kipa aliichukua jezi, akazamisha uso ndani yake, akavuta pumzi ndefu.

"Imekolea," kipa alisema.

"Eeh?"

"Imekolea, mama. Nasikia nguvu humu kama ya watu wawili." Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe ndiye mtu pekee niliyeweza kumwachia. Mahali pengine wangeifua."

Sentensi ikarudi tumboni kama ndoo iliyokatika kamba.

Saa kumi jioni wafanyakazi wote walikusanyika ukumbi wa chakula mbele ya televisheni, meneja kwenye kiti cha mbele, funguo mapajani. Fundi baiskeli aliingia kupitia jikoni, akaketi kati ya mkewe na dada yake, ambao walimbana kama ushahidi. Bi Povu hakutazama mpira. Alitazama kitambaa. Kipa akiruka, alitazama kama udongo unabanduka; akianguka, alishukuru, kwa sababu kila anguko lilileta uchafu wa kweli kuufunika wa uongo.

Jitu la kundi lilishambulia bila huruma. Kipa alitoa mpira mmoja juu ya mwamba, mwingine kwa ncha ya vidole, wa tatu kwa kisigino, hakuna aliyejua vipi. Kila mara fundi baiskeli alinong'ona, "Jasho hilo!" na kila mara dada yake alimfinya paja. Kipindi cha pili, dakika ya sitini na moja, mshambuliaji alibaki peke yake na kipa, akapiga shuti dhaifu, la aibu, likapita katikati ya miguu.

Ukumbi ukaguna. Bi Povu aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Si kwamba aliamini mambo ya bahati. Lakini yule mtu aliamini, na yeye ndiye aliyemwachia aingie vitani na ngao ya karatasi.

Dakika ya themanini na nne, yule beki wa kushoto mwenye pua nyepesi alipanda mbele, akataka kupiga krosi, mguu ukateleza, mpira ukapinda kwa njia isiyoelezeka, ukaingia kona ya juu. Moja moja. Sare! Viti vikaruka. Filimbi ya mwisho ilipolia meneja alikuwa amemkumbatia fundi baiskeli, mtu ambaye kwa kawaida alimfukuza getini, na fundi, kwa furaha iliyovunja kila komeo, akapiga ukelele:

"Jezi ile niliivaa mimi! Jana! Mimi hapa!"

Bi Povu aliona mwisho wake ukija na miguu miwili.

"Sote tumeivaa, ndugu yangu!" meneja alijibu akilia machozi. "Sote tumeivaa moyoni!"

Ikapita hivyo. Mpiga pasi alimwambia wifi yake sikioni kwamba Mungu huwalinda wajinga, na ikiwezekana na jamaa zao.

Timu ilirudi jua likiwa limeshazama. Nyimbo zilipanda ngazi. Nyayo za mtu mmoja zilishuka. Kipa aliingia kwenye chumba cha kufulia bado amevaa jezi, na nyuma yake meneja, anatabasamu, hajui anafuata nini.

"Mama," kipa alisema. Aliinua mkono wa kushoto juu, kama anayezuia kona. "Hapa kwapani palichanika mechi ya pili. Leo pameshonwa. Nani kashona?"

Bi Povu alitazama. Mshono mdogo, wa kurudia, nyuzi za njano. Wake. Hakuna mwingine mwenye mshono ule. Na hakukumbuka kabisa kuushona. Mikono ilikuwa imepita hapo siku ile akiimba, ikaona tundu, ikamaliza kazi bila kumwomba ruhusa.

Mpiga pasi aliruka haraka. "Alishona tu, baba! Sindano. Sindano si maji."

Meneja akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Sindano si maji. Karatasi yangu haikutaja sindano."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kutoka kwa neno moja, *ndiyo*, na kesho angekuja kazini kama kawaida. Aliwahi kunyamaza kwa ajili ya wageni elfu moja. Lakini hakuwahi kusema uongo juu ya nguo; mtu akimuuliza kama doa limetoka, husema limetoka au halikutoka.

"Niliifua," alisema.

Funguo zikalia.

"Niliifua yote. Nilianza na kola. Nyasi hizo ni za uzio wetu, damu ni kutu ya baiskeli, na jasho ni la mume wangu. Penalti imepigwa na wifi yangu."

Kipa aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, likalalamika. Meneja alizishika funguo kwa mikono miwili. "Kesho usije," alisema kwa sauti nyembamba. "Hata kesho asubuhi usije. Nilisema tone moja! Goli lile, lile goli ni lako! Umelifunga wewe!"

"Ngoja, bosi," kipa alisema. Alikuwa akiitazama mikono yake. "Mimi nilijua dakika ya kumi. Nilipanda kuchukua kona, nikanyoosha mkono, nikasubiri upepo uingie kwapani kama mechi ya pili. Haukuingia. Nikajua imeguswa."

"Ukafanya nini, mwanangu?" Bi Povu aliuliza.

"Ningefanya nini? Nilijiona uchi mbele ya watu elfu arobaini. Nikasema basi, leo niko peke yangu." Akaigeuza mikono, viganja juu. "Zile zote nilizozuia, nilizuia nikiwa peke yangu."

Maji yalidondoka karoni, tone, tone.

"Lakini goli!" meneja alisisitiza, maana lawama ilimwelemea mikononi na alihitaji pa kuiweka.

"Goli lilipita katikati ya miguu, bosi. Jezi haina miguu."

Kutoka dirishani, kati ya nondo mbili, sauti ikasema, "Hapo kipa umesema!" Fundi baiskeli alikuwa amesimama nje muda wote. Kipa alimtazama.

"Wewe ndiye mwenye jasho?"

"Ndiye mimi, baba. Mizunguko kumi na mbili. Na koti la mvua."

Kipa alianza kucheka, polepole, kicheko kilichotoka mbali na kikawa kikubwa kuliko chumba. Alipomaliza alijifuta macho kwa mkono wa jezi, na Bi Povu akafumba ya kwake asione.

"Basi," kipa alisema akisimama. "Kesho asubuhi tunaondoka, robo fainali ni mji mwingine. Mama, leo humu ndani kuna kazi ya kweli. Nikuachie hadi asubuhi? Safari hii bila maji. Nakuamini zaidi sasa."

Meneja alimkazia macho Bi Povu. Ilikuwa njia ya kurudi kazini, imenyooka, ameifungua kipa mwenyewe. Bi Povu aliitazama jezi: tope jipya juu ya tope lake, na kola, masikini kola.

"Nisiachiwe," alisema. "Nikibaki nayo nitaifua. Leo nitasema sitaifua, na nitakuwa nasema kweli, na saa mbili asubuhi utaikuta kwenye kamba. Bora nifukuzwe leo kwa ukweli kuliko kesho kwa sabuni."

Kipa alimwinamia kwa heshima, kama alivyoinamia mlango. Akatoka nayo mwilini. Walimsikia akipanda ngazi, na milango ya vyumba ikifungwa mmoja baada ya mwingine anapopita.

Wakabaki watatu, na gunia. Jezi ishirini na mbili, bukta, soksi, taulo za timu nzima, na basi linaondoka saa tatu asubuhi. Meneja alilitazama gunia. Akaitazama mashine iliyokuwa imehama tena na kuziba njia. Akamtazama mpiga pasi, ambaye alikunja mikono kifuani.

"Unasubiri nini?" alimuuliza Bi Povu kwa ukali.

"Nilidhani nimefukuzwa, bosi."

"Umefukuzwa," meneja alisema, akiibandua karatasi yake ukutani na kuikunja vizuri. "Kuanzia kesho kutwa. Kesho kutwa uje ofisini uchukue barua."

Bi Povu alikwenda. Siku hiyo meneja alikuwa na wakaguzi. Ile iliyofuata, mafundi wa bomba. Barua haijaandikwa hadi leo. Usiku ule Bi Povu alifungua bomba, akamwaga gunia sakafuni, akaanza na kola.